Hati Haingoji Eda

Juzi mjukuu wangu Nasra kaniudhi, na kwa kuwa kaniudhi nimeshika kalamu. Mkisoma mkaona nagomba, mjue nagomba kweli.

Shoga yake kafiwa na babu, watu wa Barking, na nyumbani kwao kuna minong'ono kwamba ami mmoja kajichukulia mali peke yake. Nasra akatoa simu, akabofya mara mbili, akasema, "Hakuna kitu, Bibi. Nimeangalia."

"Umeangalia mwaka gani?"

"Mwaka aliokufa."

"Na mwaka uliofuata?"

Akanitazama kama nimeanza kupotewa na akili. "Wa nini, Bibi? Si keshakufa?"

Miaka ishirini na mitatu nimefanya kazi katika ofisi ya mirathi hapa Landani, na mtoto wa mwanangu hajui kwamba kitabu cha mirathi hakifuati mwaka wa kifo! Kinafuata mwaka ambao hati imetoka. Hati ya mirathi ni ile karatasi ambayo serikali inampa mtu ruhusa ya kushika mali ya marehemu, kuuza, kugawa, kufunga na kufungua. Mtu anaweza kufa mwezi huu, hati ikatoka baada ya miezi miwili, au baada ya miaka mitano jamaa zake wakishamaliza kugombana. Kwa hivyo unaanza na mwaka wa kifo, kisha unapanda mmoja mmoja. Usipomwona, hiyo si dalili kwamba hakuna hati. Labda haijatoka. Labda inatoka kesho, na wewe umeshazima simu yako umelala.

Mimi skuli niliishia darasa la tatu. Tulipohamia hapa, miaka michache baada ya mapinduzi, mimi na marehemu mume wangu Seif na watoto wawili, Kiingereza changu kilikuwa "yesi" na "theniki yu". Kazi niliyopata ni kupiga deki. Jumba lenyewe kubwa, ngazi za mawe, baridi inayotoka chini kama imefugwa humo. Mkubwa wangu alikuwa Mista Dodwell, mtu mrefu mwenye kikohozi, na nilikuwa na miaka thelathini na tisa yeye akiniita "yule msichana". Siku moja hamali wao wa vitabu, Terry, akavunjika mkono. Vitabu vya mirathi si daftari hizi zenu, kimoja kina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na watu wamejipanga juu wanangoja. Mista Dodwell akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniona mimi na ndoo yangu. Ndiyo nikawa hamali. Terry alipopona walimpandisha cheo awe karani. Mimi nikabaki kubeba.

Kilichonisaidia ni majina. Kusoma nilikuwa nasoma kwa kuburura, lakini jina likiingia kichwani kwangu halitoki. Wenzangu walishuka ghala la chini na vikaratasi, wanavipoteza, wanarudi kuuliza. Mimi nasomewa majina kumi na mawili mara moja, nashuka mikono mitupu, napanda na mafaili kumi na mawili. Mpaka leo naweza kuwatajia. Albert Henry Pocock wa Leyton. Bibi Winifred Tranter, aliyemwachia jirani yake kasuku na ndugu zake asiwaachie hata kikombe. Waingereza wale wanagombana wakishakufa, wakiwa hai wanaulizana habari za mvua tu.

Aliyenifundisha kazi ni Dada Kusum. Huyu alikuwa karani wa dirishani, Mhindi wa Dar es Salaam, kazaliwa Kisutu, Kiswahili chake kitamu kuliko cha wengi wenu. Siku ya kwanza aliniona namwaga maji mbele ya dirisha lake akaniambia, "Wee bibi, utatuulia mzungu hapo." Nikadondosha ufagio. Tangu hapo tukawa ndugu.

Kusum ndiye aliyeniambia, "Rukia, kitabu kinakuonyesha mlango tu. Chumba huoni." Maana yake hii, na mniandikie mahali: vitabu vya miaka ile vilitaja jina la marehemu, anuani yake, siku aliyokufa na thamani ya mali. Havikutaja nani kakabidhiwa. Watu walikuja wakasoma mstari, wakapiga mahesabu, wakaenda zao wakidhani wamejua. Hawakujua kitu! Ili umjue aliyekabidhiwa ilikuwa lazima ujaze fomu na kuomba nakala ya hati yenyewe. Kama kuna wasia, uombe na wasia. Kusoma kitabu ni bure, nakala unalipia kidogo. Na huulizwi wewe nani wala unamtaka wa nini. Marehemu akishatolewa hati, karatasi zake ni za watu wote. Hilo ndilo watu wetu hawakubali mpaka leo. Wanafikiri ni kuchungulia chumbani kwa watu.

Na kama alifia Birmingham au Cardiff, usipande treni. Ofisi za mikoani zinatoa hati, lakini kumbukumbu zinaletwa huku. Na majina yetu yatafuteni kwa yote matatu, la mtu, la baba na la babu, maana huwezi kujua karani alilichukua lipi akalifanya la ukoo. Mimi nimewahi kumkuta mtu mzima kawekwa chini ya jina la babu yake aliyekufa Makunduchi kabla hajazaliwa.

Sasa nije kwenye linalonichoma.

Nilikuwa na rafiki, Zuhura binti Amour. Tulijuana Walthamstow, sokoni, tukigombania fungu moja la bamia. Mumewe Haroub Mbarouk alikuwa dereva wa basi, mtu mpole, anakunywa chai kwa kelele. Walioana Mombasa, ndoa ya kadhi, cheti chake kina muhuri mwekundu. Watoto Mungu hakuwajaalia. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, kama nyumba zote za mtaa ule, waliinunua kwa jasho la wote wawili: Haroub barabarani, Zuhura kiwandani akishona kola za mashati mpaka vidole vikapinda. Lakini siku ya kuandikisha, Zuhura alikuwa kazini. Iliandikwa jina la Haroub peke yake. "Si yote mamoja," alisema Haroub. Si yote mamoja! Nyie mlioolewa, nendeni leo mkatazame hati ya nyumba imeandikwa nani. Leo. Wali uungue.

Haroub akafa ghafla, moyo. Zuhura akaingia eda. Kwa mnaojibu Kiingereza mkisemeshwa Kiswahili, eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, mjane anakaa ndani, hajipambi, hapokei wanaume. Kwetu anaitwa kizuka. Tulimfanyia yote. Vioo vikafunikwa, akavaa nguo nyeupe, wanawake wakawa zamu kumpikia. Mimi zamu yangu Alkhamisi.

Na shemegi yake, Mussa Mbarouk, wa Barking, mdogo wa marehemu, siku ya tatu kabla khitma haijapoa kaingia na mkoba wa ngozi. Akasimama nyuma ya mlango, kwa adabu zake zote, akasema, "Shemegi, wewe pumzika. Masuala ya maofisi niachie mimi." Akapewa cheti cha kifo. Akapewa karatasi za nyumba. Wanawake wote tuliokuwepo tulisema, "Masha-Allah, ndugu ndiyo huyu."

Jioni ile ile Zuhura alinivuta kanga. "Rukia, wewe unafanya kazi kule kule. Karatasi zile si za kutazamwa?"

Na mimi, msikilizeni bibi yenu, mimi niliyeshinda kutwa nikibeba kesi za watu walioibiwa na ndugu zao wa tumbo moja, nikamwambia, "Kaa eda yako kwanza, mwenzangu. Karatasi hazina miguu."

Niliona haya. Maiti hajamaliza arubaini, tuanze kusema mirathi? Watu wangesema nini? Na hali ilikuwepo fomu moja, ukurasa mmoja, ya kuzuia hati isitoke. Mtu yeyote mwenye haki anaiweka dirishani, jina la marehemu, siku ya kifo, sahihi. Ikishawekwa, hati haitolewi kwa mtu mpaka mweka zuio aulizwe. Inadumu miezi sita, na unaweza kuirudia. Hata kutoka nje asingehitaji, angetia sahihi kitandani na mimi ningeibeba. Na ipo fomu ya pili, kwa asiyetaka kuzuia ila anataka kujua: unaiacha pale, na hati ikitoka wakati wowote ndani ya miezi sita wanakupelekea nakala kwa posta. Fomu zote mbili zilikuwa rafu moja, mkono wa kushoto wa Kusum. Nilikuwa nikizifuta vumbi.

Wiki ya saba ya eda, asubuhi, nasukuma toroli la nakala mpya za kupanga ghalani. Napanga, natia macho tu kwa mazoea. Nikaona: Haroub Mbarouk Suleiman, wa Walthamstow.

Nilikaa chini sakafuni. Terry akapita akauliza, "Unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, tumbo.

Faili nilikuwa nalo mkononi, ningeweza kulifungua pale pale. Sikulifungua. Kusum alinifundisha kwamba kitu cha kupeleka mbele ya wakili kinataka muhuri, na muhuri hautoki ghalani. Saa ya chakula nikavua koti la kazi, nikavaa langu, nikapanda juu, nikasimama foleni kama mtu wa mtaani. Mista Dodwell akaniona.

"Unafanya nini upande huo?"

"Naomba nakala."

"Wewe ni mfanyakazi."

"Hii saa ya chakula changu, Mista Dodwell. Saa hii mimi ni watu wote."

Alikohoa mpaka akawa mwekundu. Watu foleni wanatazama. Kusum dirishani akasema kwa Kiingereza chake cha baridi, "Anayefuata tafadhali," na aliyefuata nilikuwa mimi. Nikajaza fomu kwa mkono wangu, herufi kubwa kubwa, nikalipa, nikangoja kwenye benchi pamoja na wajane wa Kizungu. Nakala ilipotoka Kusum alinisomea taratibu, kisha akavua miwani.

Mussa alikuwa amekula kiapo kwamba nduguye kafa bila mke. Kapera. Hana mke, hana mtoto, hana mzazi, mrithi ni ndugu peke yake. Na hati kapewa.

Naomba mnielewe hasira yangu. Dini yetu isingemnyima Mussa. Mtu akifa hana mtoto, mjane ana robo, ndugu anachukua kinachobaki. Fungu lake lilikuwepo, tena nono. Hakuridhika nalo. Alitaka na robo ya mjane, na jasho la kola za mashati, na akaona njia rahisi ni kumfuta mwanamke mzima duniani kwa mstari mmoja.

Nilipofika Walthamstow, nje ya nyumba pameshasimamishwa kibao cha wauzaji. Zuhura alikuwa chumba cha nyuma, hakijui. Nikamsomea nakala. Akanipokonya, akaitazama mwenyewe. Kisha akasema, "Mimi nimemfulia Haroub miaka kumi na tisa. Kapera gani huyo alikuwa akifuliwa?"

Wakili wa kituo cha msaada wa bure, tuliyempigia simu, alisema: mjane aje mwenyewe, kesho, na cheti cha ndoa, aape, kabla wanunuzi hawajatia sahihi. Wakishatia sahihi, nyumba imekwenda, hata akishinda kesi atashinda hewa. Hapo ndipo wanawake wenzetu walipogeuka. Bi Saada, aliyekuwa zamu siku ile, akaweka upawa chini.

"Kizuka atoke? Apande treni, aonwe na wanaume? Mtamtia laana nyie!"

"Bi Saada, nyumba inauzwa," nikasema.

"Iuzwe! Nyumba ya akhera haiuzwi."

"Basi mpe yako ya Leyton akae, wewe ukangoje hiyo ya akhera."

Alitoka bila kuvaa viatu vizuri.

Nikampigia Maalim Othman, mzee aliyesomesha watoto wetu Kurani. Sikumpambia maneno, nikamweleza. Akajibu pale pale, wala hakufungua kitabu: "Mjane mwenye haja anatoka mchana na kurudi kulala kwake. Hii kama si haja, mimi sijui haja ni nini. Mwambie avae soksi nzito, nje kuna barafu."

Asubuhi tulitoka, Zuhura na nguo zake nyeupe za eda, juu kavaa buibui, juu ya buibui koti la Haroub la udereva kwa sababu ya baridi. Tukapanda treni ya chini ya ardhi kuanzia kituo cha mwisho, tukapata viti. Alikuwa hajatoka nje wiki saba, mwanga ulimuumiza macho. Njia nzima kashika cheti kifuani kwa mikono miwili. Mbele yetu kijana mmoja alimtazama sana. Zuhura akaniuliza, "Anatazama nini huyu?"

"Beji ya basi kwenye koti. Anafikiri unakagua tiketi."

Akacheka. Kizuka, ndani ya treni, akacheka mpaka akajiziba mdomo.

Kwa wakili aliapa kwa Msahafu. Tulikwenda nao wetu, tumeufunga kitambaani. Wakili akasema ingewekwa fomu ya kuzuia mapema, haya yote yasingekuwa. Cheti cha Mombasa kikachukuliwa nakala, barua ikaandikwa siku ile ile kwa wauzaji na kwa mwanasheria wa wanunuzi, kwamba nyumba ina mjane ndani na aliyepewa hati kaapa uongo. Wanunuzi wakakimbia kama wamesikia kuna moto. Kusum akatuelekeza namna ya kuomba hati ya Mussa ifutwe. Barua ya pili kutoka kwa wakili ikamweleza Mussa kwamba kiapo cha uongo katika nchi hii ni jela.

Akaja mwenyewe, amenyonyoka. Akasimama pale pale nyuma ya mlango.

"Shemegi, umevunja eda. Watu wanasema."

Zuhura akamjibu toka ndani, na sauti yake nilikuwa siijui: "Nimetoka mchana, nikarudi kulala kwangu. Wewe Mussa, kwa huyo wakili wako, uliposema kaka yako hana mke, ulishika kitabu gani?"

Tukasikia mkoba wa ngozi unafunguliwa.

"Nakuuliza. Walikupa kitabu gani ushike?"

Tulisikia karatasi, kisha tukasikia mlango wa nje. Juu ya kabati la viatu kaacha sahihi yake kwamba hati ifutwe. Wiki kadhaa baadaye ikatoka mpya, kwa jina la Zuhura binti Amour, mke. Alikaa kwenye nyumba ile mpaka alipokufa. Na fungu la Mussa la dini alimpa, kidogo kidogo, lote. Alilipokea kwa mikono miwili, ahsante hakusema.

Hayo ndiyo mnayotaka kuyatafuta kwa mabofyo mawili. Sikatai simu. Siku hizi hata kusimama foleni hakuna, mnaandika jina, mwaka, mnalipa, nakala inakuja. Vizuri. Lakini simu haimwambii mjane kwamba fomu ya kuzuia ipo, haijui kwamba yuko ndani kafunikiwa vioo. Sheria ya Kiingereza haihesabu eda. Inahesabu tarehe zake. Kwa hivyo siku ya pili, mkitoka makaburini, mmoja wenu asipike. Mmoja wenu aende akaweke zuio, na wakimuona hana haya, waache wamuone.

Siku ya Zuhura kutoka eda nilikwenda mapema. Nilimwosha, nikamvisha kanga mpya, nikamtia udi. Kapika pilau la watu arubaini, sahani arubaini kazipanga mkekani, maana tangu msiba ndivyo walivyokuwa wakijaa. Bi Saada hakuja. Wenzake walipigiana simu kwamba eda imevunjwa, nao hawakuja. Alikuja Dada Kusum peke yake, kabeba chakula chake kwenye kopo kwa kuwa nyama hali, akaomba sahani, akakaa. Tukala watatu.

Kusum alipoondoka, Zuhura akaniuliza, macho kwenye sahani. "Rukia. Ile fomu ya kuzuia, aliyoitaja wakili. Ulikuwa ukiijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mimi mpiga deki, darasa la tatu, nani angebisha?

"Nilikuwa nikiijua," nikasema. "Tangu ile siku ya tatu uliponiuliza."

Nje basi likapita, madirisha yakatetemeka.

"Basi," akasema, "leo vyombo utaosha wewe."

Nikakunja mikono ya nguo nikaosha vyote arubaini, na thelathini na saba vilikuwa safi.